Mbandika Majina

Kazi yangu si nzito. Nabandika majina.
Fremu hunijia zimeshapakwa rangi, bubu,
zimeangikwa kwenye ndoana za mnyororo unaotembea,
nami nalowesha stika, nailaza juu ya bomba la chini,
nafukuza mapovu kwa ukingo wa kadi ya basi iliyokwisha muda.
Sekunde arobaini. Inayofuata.

Asubuhi jina ni la Kijerumani, herufi nyembamba, za kijivu.
Baada ya chakula jina ni la Kanada, lina dubu.
Fremu ni ile ile.
Nilidhani nimekosea oda, nikaenda kuuliza.
Msimamizi Keng-hao alitazama saa yake, si fremu:
"Yenye dubu, dola elfu moja na mia mbili.
Ya kijivu, elfu mbili na mia nane. Bandika."

Usiku ule, Taichung ikinyeshewa,
nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya maziwa ya soya:
stika isiyofikia uzito wa kope
inakaribia mishahara yangu miwili.

Husemwa kizuri chajiuza.
Aliyesema hakuwahi kushika stika.

Nikapeleka uchungu wangu kwa Bi Pi-hsia,
miaka ishirini na tisa ameinamia mwanga usiotazamika,
shingo yake imebabuka pale kofia isipofika.
Hakucheka. Alivua glavu.
"Fumba macho, papasa.
Hapa, chini ya shingo, mabomba yanapokutana:
unahisi magamba ya samaki? Nimepita mara mbili.
Haya, na hii?"
Kidole kikateleza juu ya ulaini wa kutiliwa shaka.
"Wamesiliba lipu, wakapiga msasa.
Mshono ni wa pupa, wameuvika shela."

Akachukua bisibisi, akagonga bomba tupu.
Mwishoni lililia zito, katikati likalia kama bilauri.
"Nene ncha, jembamba tumbo.
Ufundi ni kujua pa kumwaga mali na pa kubana mkono.
Bomba nene kote ni woga.
Jembamba kote, mtu atakufa."

"Na pembe?" nikauliza, maana nilikuwa nimeanza kuona.
"Shingo hii imelala digrii sitini na nne,
gurudumu la mbele linatangulia,
mteremko usikutupe juu ya usukani.
Pembe haiuzwi kwa kilo.
Mchoraji mzuri na mchoraji mbovu hutumia wino ule ule."

"Basi zile mbili zangu?"
"Zile ni mapacha. Umeibiwa macho, si fremu.
Ila usitoke hapa ukasema zote ni sawa.
Ukisema hivyo umeniibia mimi."

Mwisho wa mwaka waliuza zilizokataliwa.
Nilichukua ya kijani, rangi imetiririka
tone moja chini ya tandiko, likagandia hapo kama chozi la mshumaa.
Dola mia moja na themanini, ikakatwa mara tatu kwenye mshahara.
Breki ni za mnada, zinalia.
Tandiko alinipa shemeji, limechanika.
Niligeuza shingo kwenye taa, nikapapasa:
magamba, mistari miwili.

Jumapili vilimani Dakeng, matope hadi magotini,
mzee mmoja alisimama kando yangu kuhema,
baiskeli yake ya kaboni, bei ya gari,
haijapata hata mkwaruzo wa jani.
Akaitazama yangu kuanzia uma hadi mnyororo,
akainama kutafuta pale ambapo mimi,
siku sita kwa wiki, huwa nabandika.
Palikuwa kijani tu.

"Hii ni ya nani?"
"Ya Pi-hsia."
Akatoa simu, akafuta matope kiooni kwa kidole gumba,
akaniomba nimtajie herufi.
Mimi nilikuwa nimeshaachia breki.